Petro hakuanguka mara moja tu

Ni kweli imani hukua kama mtoto. Naomba niongeze kwamba mtoto anayejifunza kutembea huanguka, na hakuna mzazi anayemtupa kwa sababu hiyo.

Mtazame Petro. Alimkana Bwana mara tatu usiku mmoja. Kisha kando ya bahari ya Galilaya aliulizwa mara tatu kama anampenda, akakabidhiwa kondoo. Wengi tunaishia hapo. Lakini Wagalatia sura ya 2 inatuonyesha kwamba miaka kadhaa baada ya Pentekoste, huko Antiokia, Petro huyohuyo aliacha kula na watu wa Mataifa kwa kuwaogopa Wayahudi wenzake, hata Paulo akamkemea mbele ya wote. Mtume aliyejazwa Roho aliyumba tena, na bado hakuacha safari.

Nami mama alipofariki, nilikaa karibu mwaka mzima bila kukanyaga kanisani. Kuomba kulinishinda. Aliyenirudisha ni mwanakwaya mmoja, mama mtu mzima, aliyekuja nyumbani kila Jumapili jioni, akaketi nami na kuniombea, asinilaumu hata siku moja.

Wapendwa, ndugu akipoa msimsengenye, wala msiharakishe kulifuta jina lake kwenye daftari la washirika. Mfuateni kwake, mkae naye. Nawe uliyeanguka, inuka leo. Hujachelewa.