Kabla hujanunua mtego wa nzi, angalia maji yako

Juzi kijana mmoja hapa Mwananyamala kaniuliza atapata wapi ule mmea wa mtego wa nzi, auze barabarani pamoja na maua yake. Nikamuuliza, unamwagilia maji gani? "Ya kisima, afisa."

Basi hapo biashara imeshakufa. Mimea inayokula wadudu imezoea vinamasi visivyo na rutuba. Chumvi ya visima vyetu inaunguza mizizi, na ukiweka samadi umeiua kwa mkono wako. Kinga maji ya mvua kwanza.

Halafu mtego wa nzi kwao ni Carolina, Marekani. Unataka miezi ya baridi upumzike. Baridi ya Dar mnaijua wenyewe! Mimi ningeanza na Drosera ya nchi za joto, yenye majani yanayonata kama gundi. Drosera madagascariensis inaota hata kwenye vinamasi vya Tanzania, ila usiende kuing'oa huko. Agiza mbegu kwa anayezalisha mwenyewe, na kibali cha TPHPA kitoke kabla mzigo haujatumwa.

Weka kopo moja tu. Likimaliza mwaka likiwa hai, njoo tuongee bei.