Rahisi isije ikawa ghali shuleni

Wahenga walinena kwamba rahisi ni ghali. Shule zenye tarakilishi kuukuu huvutiwa na Linux, mfumo usiolipiwa ambao msimbo wake uko wazi kwa wote. Hapana ubaya. Hata hivyo, uwazi pekee hauilindi diski yenye alama za wanafunzi.

Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alipoutangaza mfumo huo, alidhani huenda usiwahi kutumia diski za aina nyingine ila ile aliyokuwa nayo. Nyingine zilikubaliwa baadaye kwa kuwa wengine walijitokeza kuandika na kujaribu viendeshi, yaani programu zinazouunganisha mfumo na diski. Kiendeshi hutegemewa kadiri kinavyojaribiwa. Ndiposa mwaka 2021 viendeshi vikongwe vya diski za IDE viliondolewa, kazi yao ikiwa imekwisha kutwaliwa na vipya.

Basi mwalimu mkuu asiubadilishe mfumo wa shule nzima kwa siku moja. Na aanze na tarakilishi moja, tena baada ya kunakili alama mahali pengine. Hitilafu ikizuka, wanafunzi waiandike kinaganaga na kuwaarifu watunzaji wa mfumo. Wakinyamaza, ni nani atakayejua kwamba diski yao imekataliwa?