Dhara Dogo Si Heri

Watetezi wa snusi, tumbaku ya Uswidi itiwayo nyuma ya mdomo wa juu bila ya kuwashwa moto, wana hoja moja yenye nguvu, nami siikatai. Snusi haina moshi, na moshi ndio muuaji mkuu wa mvuta sigara. Wanaume wa Uswidi hufa kwa saratani ya mapafu kwa kiasi kidogo kuliko wenzao wengi wa Ulaya. Jumuiya ya Ulaya, ilipopiga marufuku uuzaji wake mwaka 1992 na kuiacha sigara dukani, ilifunga dirisha ikaacha mlango wazi.

Lakini hoja hiyo ni ya mizani, na mizani ina vitanga viwili. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliruhusu snusi ya General itangazwe kuwa hupunguza hatari ya maradhi kadha kwa mtu aitumiaye mahali pa sigara. Mahali pa sigara! Maneno hayo ndiyo roho ya ruhusa yote, na rafu ya duka haina ulimi wa kuyasema. Kikopo hukaa katika duka lile lile liuzalo mkate na peremende, kikamwalika mvutaji na asiyepata kuvuta kwa adabu moja. Sheria huko yakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 21; lakini macho hayaulizwi umri. Wa kwanza huenda akapunguziwa mzigo. Wa pili hutwikwa mpya, maana nikotini hufunga wote.

Basi na iuzwe kwa mvutaji atakaye kuiacha sigara, mbali na macho ya vijana. Dhara dogo ni nafuu kwa aliye na dhara kubwa. Kwa mzima ni dhara tu.