Neptune alijuaje?

Jumamosi tulijibana Nyamirambo kwenye laptopu moja tukaangalia Neptune Frost. Ilipoisha hatukuongea muziki. Tulibishana juu ya swali la mwenzetu mmoja: huyu anayesimulia amejuaje haya yote?

Kwa ambao hawajaiona, ni filamu ya kisayansi ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman. Imepigwa hapa Rwanda, ingawa hadithi yenyewe iko Burundi, na kati ya waigizaji wamo Warundi waliokimbilia huku. Basi tulishangilia kama mpira.

Anayesimulia ni Neptune. Lakini mapema tu tunamwona Tekno akiuawa kwenye mgodi wa koltani, na ndugu yake Matalusa akiondoka. Neptune hakuwepo. Hata Matalusa hajamjua bado. Wawili kati yetu wakasema hapo filamu imedanganya.

Wengine tunakataa. Neptune na Matalusa wanakutana baadaye, kwenye kijiji cha wadukuzi, na wanapendana. Sasa wapenzi wawili, mmoja amefiwa na ndugu, mnadhani usiku wanaongea nini?

Hata H. G. Wells alifanya hivyo. Katika The War of the Worlds ya 1898, msimulizi hayupo London watu wanapokimbia. Aliyekuwepo ni ndugu yake, mwanafunzi wa udaktari, na msimulizi anatupa habari za ndugu huyo. Hakuna msomaji anayemdai risiti.

Tuseme ukweli, swali lilituuma kwa sababu tumeshaulizwa hivyohivyo kwenye mahojiano: Ulikuwepo? Uliona kwa macho yako? Dada mmoja wetu alikuwa na miaka mitatu familia yao ilipotoka Masisi. Anayoyajua ya usiku ule ameyapata kwa mama, kwa mjomba, na kwenye kovu la mguu wake. Alipojibu "niliambiwa", aliyemhoji aliacha kuandika. Mara ya pili akajibu "niliona". Yaani swali lilimfundisha uongo, na uongo huo ndio ungeweza kumharibia kesi.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, hatuwaombi muamini kila kitu. Kuuliza "umejuaje?" ni haki kabisa, hata sisi tulimuuliza Neptune. Tunachoomba ni kwamba jibu la "mama aliniambia" liandikwe kama jibu. Muulizeni mama alisema lini, alikuwa anafanya nini, ni wapi hunyamaza kila akisimulia. Mama wa dada yetu hunyamaza akifika darajani. Hiyo ni habari, tena nzito.

Dada huyo sasa anaandika hadithi yake ya kisayansi, ya mwaka 2090. Msimulizi ni mjukuu wake, ambaye bila shaka hajazaliwa. Ukurasa wa kwanza unaanza na "Bibi aliniambia". Wale wawili wameshasema watabisha tena. Tunausoma Jumamosi ijayo, saa tisa, palepale. Mwenye spika aje nayo.