Bia za Jana kwenye Usukani wa Alfajiri

Dereva wa basi la mkoani ametoka baa saa 6 usiku. Amelala kidogo, akaoga maji baridi, akanywa supu ya makongoro iliyokolea pilipili. Saa 11 alfajiri anashika usukani akiamini kabisa kwamba amelevuka. Macho hayana wekundu wala ulimi hautelezi, na abiria wakimtazama hawaoni kasoro. Je, nani amehesabu kilichobaki kwenye damu yake?

Tuhesabu sisi. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za pombe halisi. Pombe haisubiri kusagwa kama ugali. Kidogo hupenya kwenye kuta za tumbo, nyingi huingilia utumbo mwembamba, na dakika chache tu baada ya funda la kwanza imekwishafika kwenye ubongo. Aliyeshiba humchelewea, mwenye njaa humpanda upesi. Mwanamke akinywa sawasawa na mwanamume wa uzito uleule, kwa kawaida humkolea zaidi, kwa sababu mwili wake una maji machache ya kuizimua.

Kuingia ni haraka; kazi ipo kwenye kutoka. Ini la mtu wa kawaida huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, halikimbizwi. Bia sita ni gramu 120. Aliyeanza kunywa saa 2 usiku, ikifika saa 11 alfajiri ini lake limefanya kazi saa 9 na limeondoa gramu 63 hadi 90. Basi linatoka stendi huku bia moja na nusu, au hata karibu tatu, zikiwa bado zimo mwilini mwa dereva. Mwanamume wa kilo 70 ambaye ini lake huenda polepole atakuwa bado juu ya kikomo cha jumla katika sheria ya Tanzania, yaani miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Supu haikumsaidia. Kahawa itamfumbua macho, lakini pombe itabaki palepale. Akizimua kwa chupa ya asubuhi, ndiyo kwanza anaongeza.

Tena usingizi wa pombe ni usingizi mbovu: humwangusha mtu mara moja, kisha humkatikakatika kuelekea alfajiri. Hata yule aliyebakiwa na kiasi kidogo anaendesha akiwa amechoka.

Kwa hiyo naona miligramu 80 ni nyingi mno kwa mtu aliyebeba roho za watu 50. Shirika la Afya Duniani linashauri kikomo kisizidi 50 kwa madereva wote. Kwa wa mabasi na daladala ningependa 20, ambayo kwa vitendo ni kutokunywa kabisa. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa nusu sekunde kukanyaga breki, mita 11 zimekwisha kupita.

Madereva wana hoja, na ninaiheshimu. Wengi hupigiwa simu usiku wa manane kwamba mwenzao anaumwa, hivyo kesho gari ni lao. Mtu aliyekuwa kwenye mapumziko yake halali anajikuta kazini na bia tumboni, na akikataa anaogopa kupoteza ajira. Kumpima huyo na kumfunga, huku aliyemwita akilala nyumbani, si haki. Kipima ulevi cha trafiki kinakamata matokeo. Chanzo kimo kwenye daftari la ratiba la mwenye basi.

Dawa yake haihitaji mtambo mpya. Dereva wa safari ya saa 11 alfajiri ajulishwe mchana wa siku iliyotangulia, na wa akiba naye awepo kwenye orodha, akilipwa kwa kusubiri bila kunywa. Wote wapimwe kabla abiria hawajapanda. Anayesema wazi kwamba jana alikunywa, apumzishwe bila kupoteza kazi.

Ndugu mwenye basi, unapompigia dereva simu saa 5 usiku, anza kwa kumuuliza amekunywa nini, na jibu lake likiwa la kweli, usimwadhibu kwalo.