Kijitabu Kikifungwa, Seti Ivunjwe

David Aguilar, kijana wa Andorra, ile nchi ndogo iliyobanwa na milima kati ya Ufaransa na Hispania, alizaliwa bila sehemu ya mkono wa kulia kuanzia kwenye kiwiko. Akiwa na miaka 9 alijaribu kujiundia mkono kwa vipande vya Lego, lakini haukuwa imara. Mwaka 2017, akiwa na miaka 18, alirudia kazi hiyo kwa seti namba 9396 ya Lego Technic, ambayo kijitabu chake kinaelekeza kuunda helikopta ya uokoaji. Vipande vya helikopta vikageuka mkono unaokunjika, wenye koleo la kushikia vitu. Guinness wakauingiza kwenye rekodi zao.

Kijitabu kile hakina ukurasa hata mmoja unaotaja mkono.

Habari ya Aguilar inagusa ubishi wa siku nyingi kati ya wapenzi wa matofali ya plastiki ya Lego. Wapo wanaoona raha yote iko katika kufuata maelekezo hatua kwa hatua mpaka kitu kifanane na picha ya kwenye boksi. Wengine huona hiyo ni kazi ya kunakili, na kwamba mjenzi wa kweli hubuni chake. Kila upande una hoja, ila wote husahau kuwa tofali lenyewe lina umri mkubwa kuliko vijitabu. Tofali la sasa, lenye vinundu juu na mirija ndani, liliombewa hataza huko Denmark tarehe 28 Januari 1958. Kampuni ya Lego ilianza kutia vijitabu vya maelekezo kwenye seti zake mwaka 1964.

Vijitabu hivyo visibezwe. Seti ya chombo cha anga cha kwenye filamu, Millennium Falcon, iliyotolewa mwaka 2017 ina vipande 7,541, na anayeiunda hufundishwa mengi ambayo peke yake angeyagundua kwa shida: namna ya kuficha fremu ya kubeba uzito ndani ya umbo, au kutumia kipande chenye vinundu ubavuni ili ukuta ujengwe kwa kulala badala ya kusimama. Mtoto anayeiona mbinu hiyo ya ubavuni kwa mara ya kwanza huacha kudhani kwamba tofali lazima likae juu ya tofali. Somo hilo amelipata kwa kutii.

Hatari iko kwenye kuishia hapo. Mwaka 2016 watafiti Page Moreau wa Marekani na Marit Gundersen Engeset wa Norway walichapisha utafiti katika jarida la Journal of Marketing Research. Waliwapa baadhi ya watu seti yenye maelekezo, na wengine matofali ya kujengea wanachotaka, kisha wakawapa kazi nyingine za ubunifu. Waliotoka kufuata maelekezo walifanya vibaya zaidi. Tena, walipopewa nafasi ya kuchagua, walivutiwa na kazi zenye jibu moja lililokwisha kupangwa. Mzazi anayedhani kila seti mpya inamwongezea mwanawe ubunifu anapaswa kulitafakari hilo kabla hajanunua nyingine.

Wala ubunifu hauhitaji boksi kubwa. Søren Eilers, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, alikokotoa kwamba matofali sita tu ya rangi moja, yenye vinundu vinane kila moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Na mwenye mengi naye aone alikofika Ekow Nimako, msanii wa Kanada mwenye asili ya Ghana anayejenga kwa vipande vyeusi pekee. Kwa vipande vipatavyo 100,000 aliunda mji wa Kumbi Saleh, makao ya dola ya kale ya Ghana, akiuwazia utakavyokuwa mwaka 3020. Hakuna duka linalouza boksi la mji huo.

Hata vijitabu vyenyewe huanzia kwenye kichwa cha mtu aliyebuni. Kupitia mpango wa Lego Ideas, mtu wa kawaida huwasilisha ubunifu wake, akipata kura 10,000 kampuni huupitia, na ukikubaliwa mbunifu hulipwa asilimia 1 ya mauzo halisi. Ndivyo seti ya wanawake wa NASA ya mwaka 2017, iliyobuniwa na Maia Weinstock, ilivyofika madukani.

Kwa hiyo, mzazi, mtoto aachwe afuate maelekezo mpaka mwisho, afurahie, aonyeshe wageni. Baadaye akitaka kuivunja seti asigombezwe, na isiwekwe juu ya kabati asikoifikia kwa sababu tu iligharimu fedha nyingi. Kijitabu kikipotea si hasara: kampuni imeweka maelekezo ya maelfu ya seti zake kwenye tovuti yake, na kuyapakua ni bure.