Pikipiki ya Mizigo Yataka Stendi Mbili



Huku Migori na Homa Bay pikipiki ndiyo gari letu la mizigo: samaki, makaa, magunia ya mahindi. Lakini stendi ya katikati ikivunjika, wako matajiri wanaosema ile ya pembeni yatosha. Haitoshi! Ile ina mguu mmoja. Kwenye udongo mweusi wakati wa mvua huzama, na pikipiki humwangukia mtu pamoja na mzigo wake.

Sisi wa reli hatuingii chini ya behewa lililoinuliwa kwa jeki tu. Sharti kwanza liwekewe magogo imara. Basi na mwendesha pikipiki asizibe tairi huku chombo kimeegemezwa jiwe.

Mkichagua stendi ya katikati, tazameni miguu iwe mipana, springi iwe na nguvu, na gurudumu la nyuma liinuke kidogo, lizunguke kwa mkono. Isimamisheni kwa kuikanyaga kwa uzito wa mwili, si kwa kuvuta kwa mgongo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinde wafanyakazi wake. Tajiri apokeaye hesabu kila jioni na anunue stendi. Mguu wa chuma huuzwa dukani. Mguu wa mtu hauuzwi.